Kumwambia mwanafunzi "mtoto hafungwi jela": ni kumfundisha sheria au kumpa ruksa?

#1 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha Uraia kwenye sekondari moja ya kata, upande wa Uyole, Mbeya. Muhula huu nilikuwa kidato cha pili na haki za mtoto, darasa limepoa kama kawaida yao. Tulipofika kwenye mtoto anayekinzana na sheria, hata wale wanaosinziaga nyuma waliamka. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mimi nina kumi na sita. Nikiiba simu sokoni Mwanjelwa, nafungwa sifungwi?" Nikamjibu kilichoandikwa: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 119, mtoto hapewi adhabu ya kifungo jela. Na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18.

Darasa likapiga makofi. Makofi, wakuu!

Wiki haijaisha, mzazi kafika ofisini kwa mkuu wa shule kulalamika kwamba namfundisha mwanawe wizi. Mkuu kaniita, kaniambia niishie kwenye "tii sheria bila shuruti", mengine niwaachie mahakimu.

Nauliza wazazi, walimu na wanaojua sheria: kijana wa miaka 13 mpaka 17 unamwambia ukweli wote, au unamtisha kwanza, ukweli ataukuta mbele?

#2 Lumbesa

Mzazi ana haki. Dogo wa sokoni umwambie hafungwi, halafu kesho umtume dukani na elfu kumi? Mtoto ajue jela ipo, ina chawa na kuna kulala kwa zamu, basi. Vifungu atavikuta chuo.

#3 Wakili wa Kijiweni

Mleta uzi hujakosea kifungu, ila umeanzia mkiani.

Anza na umri wa kuwajibika. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 15: chini ya miaka 10 hana jinai, afanye lolote. Akiwa na 10 lakini hajatimiza 12, hana jinai mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba wakati anatenda alikuwa na akili ya kujua kitu hicho hakipaswi kutendwa. Akishatimiza 12 anashtakiwa kama unavyoshtakiwa wewe mwalimu. Kinachobadilika mpaka afikishe 18 ni mahakama inayomsikiliza, utaratibu wake na adhabu.

Kwa hiyo huyo wako wa miaka 16 akiiba simu anakamatwa, anashtakiwa na anatiwa hatiani. Jela ndiyo haendi. Darasa lilipigia makofi mstari wa mwisho, mistari ya juu hukuisoma.

#4 dada_wa_Mafiati

Na wa miaka tisa akichoma duka la watu?

#5 Wakili wa Kijiweni

Hashtakiwi, dada. Linakuwa suala la afisa ustawi wa jamii aende kuangalia nyumbani kuna nini. Mwenye duka akitaka chake anaweza kumfungulia mzazi madai, na atatakiwa aonyeshe uzembe wa mzazi uko wapi.

#6 Lumbesa

Afisa ustawi. Kata yetu tunamsikia kwenye mikutano tu.

#7 Hass wa Rungwe

Mimi nasema kama mkulima aliyeumia, wanasheria mtanisamehe.

Huku kwetu parachichi zikikaribia kukomaa hakuna mwenye shamba anayelala. Mwaka jana tuliwakamata vijana usiku na viroba, mkubwa wao hata darasa la saba hajamaliza. Wamechuma mbichi, ndogo, zile ambazo ukisubiri kidogo zingekuwa na uzito wa kueleweka. Barabarani kulikuwa na Noah imezima taa inawasubiri. Tulipopiga kelele Noah ikaondoka, watoto wakabaki mikononi mwetu. Tukawapeleka kwa mtendaji. Wazazi wakaitwa, wakalia, wakaahidi kulipa, hawajalipa mpaka leo.

Mwenye Noah anajua kabisa kwamba mtoto akikamatwa yanaisha kwa kilio cha mama yake. Kwa hiyo Mwalimu, sheria hiyo unayoisoma darasani, wakubwa wameshaisoma zamani, na wanaitumia kuajiri.

#8 Mnyalu wa Kihesa

Kamwene wote.

Hass pole sana, ila mwenye Noah hajasoma Sheria ya Mtoto hata ukurasa mmoja. Anamtuma mtoto kwa sababu mtoto anapita kwenye upenyo wa uzio wa miiba, anapanda tawi bila kulivunja, na analipwa hela ya soda na chipsi. Mtu mzima angedai mgao. Hata sheria ingesema mtoto anyongwe, Noah ingekuja vilevile, maana anayeumia si mwenye Noah.

Na huo umri wa 10 ni mdogo sana. Kenya walipotunga sheria yao mpya ya watoto mwaka 2022 wamepandisha mpaka 12. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto mwaka 2019 ilishauri nchi zisishuke chini ya 14. Sisi tumekaa na 10 yetu, halafu mtu analalamika sheria imelegea.

#9 Lumbesa

Kamwene mnyalukolo. Panya Road, wale vijana wa magenge ya mapanga wa Dar, walikuwa na miaka mingapi? Waliokatwa mapanga walisaidiwa nini na Umoja wa Mataifa?

#10 Mnyalu wa Kihesa

Walikuwa mchanganyiko, wengine watu wazima wenye ndevu. Usipakie lumbesa, mkuu, ujazo una kipimo.

#11 Ustawi Mstaafu

Nimesoma toka juu. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi nyanda hizi, sasa nafuga kuku. Niongezee kidogo, maana naona "hafungwi" imechukuliwa kama "haguswi".

Mtoto akikamatwa, wa kwanza kutafutwa ni mzazi au mlezi. Kama hapelekwi mahakamani mara moja, mkuu wa kituo anatakiwa amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa ni la kuua, au ni kosa ambalo adhabu yake inazidi miaka saba, au kuna sababu ya kuamini kwamba akiachiwa ataharibu haki, au aliokuwa nao huko nje ndio watakaomwangamiza. Akizuiliwa, hachanganywi na watu wazima. Hiyo ndiyo sheria. Kwenye vituo ambavyo chumba ni kimoja, mnajua wenyewe inavyokuwa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilikagua mwaka 2011 ikakuta watoto wamechanganywa na wakubwa, hata magerezani.

Akisubiri kesi bila dhamana, anatakiwa awe kwenye mahabusu ya watoto. Mbeya tunayo. Ziko chache, kama Dar es Salaam, Tanga, Moshi na Arusha. Mtoto wa Ludewa au Makete akikosa dhamana, hesabu umbali mpaka Mbeya na hesabu nauli ya mama yake.

Kesi yenyewe haisikilizwi mbele ya umati. Hakimu anakaa faragha, ustawi tupo, mzazi yupo. Kabla hajaamua, hakimu anataka taarifa yetu ya uchunguzi wa kijamii: mtoto anaishi na nani, anasoma wapi, aliacha shule lini na kwa nini, nani alimtuma. Hapo ndipo mwenye Noah wa Hass hutajwa, kama afisa aliuliza vizuri.

Akitiwa hatiani anaweza kuachiwa kwa masharti akae kwetu chini ya uangalizi, mzazi anaweza kuamriwa kulipa faini au fidia kama uzembe ni wake, anaweza kukabidhiwa kwa mtu anayefaa, au anapelekwa shule ya maadilisho. Shule ya maadilisho ya serikali ni moja nchi nzima, Irambo, hukuhuku Mbeya. Nimepeleka watoto pale ambao kwao ni kanda ya ziwa. Muulize mtoto wa Sengerema aliyekaa Irambo mwezi Juni, baridi lile, mama hajaja hata mara moja, kama anaona hakuadhibiwa.

#12 Kiazi Mviringo

Irambo si ndiyo jela ya watoto tu? Mnaipamba jina.

#13 Ustawi Mstaafu

Si jela, kijana. Haiko chini ya Magereza, hakuna nyapara, wanasoma na wanajifunza ufundi. Gereza la vijana ni jingine, Wami, Morogoro. Lakini mtoto hawezi kuamka akasema leo narudi kwetu. Sijaipamba.

#14 Mtoto wa Makambako

Mzee wa ustawi ameongea ya kwenye karatasi, na mimi niseme ya stendi.

Mdogo wangu alikamatwa mji mmoja hapa katikati, sitaji kituo. Walikuwa kwenye kijiwe cha pool, likapita doria, wakabebwa wote kwa uzururaji na bangi iliyookotwa chini ya meza. Alikuwa na miaka 16 na miezi. Wenzake waliomzidi wakamwambia sero: "Ukisema wewe mtoto wataanza kutafuta ustawi, watatafuta mzazi, utakaa hapa wiki. Sema una kumi na tisa, unapigwa faini unaondoka." Akasema kumi na tisa. Ikaandikwa kumi na tisa. Mwili mkubwa, sauti nzito, nani angeuliza? Akaenda mahabusu ya wakubwa akisubiri kesi ya bangi, ambayo wala haina faini ya kitoto.

Tulikuja kumtoa kwa cheti cha ubatizo baada ya kuhangaika sana. Kwa hiyo Mwalimu, nyumbani kwetu hakuna aliyetamba na kifungu cha 119, maana hatukuwa tunakijua. Kujua ndiko kungemwokoa. Wafundishe.

#15 dada_wa_Mafiati

Jamani. Poleni sana.

#16 Mama Watatu

Hapo kwa Makambako nimeguswa. Mimi wangu wa kwanza nilimzalia kijijini Ileje kwa mkunga. Cheti cha kuzaliwa tumekuja kukitafuta anajiunga kidato cha kwanza, na shuleni tayari alishaandikishwa amepunguzwa miaka miwili ili aonekane anaendana na darasa. Sasa mtoto ana umri wa shule, umri wa kliniki na umri wa bibi yake. Akikamatwa, Mungu apishe mbali, hakimu atachukua upi?

#17 Wakili wa Kijiweni

Mahakama ina wajibu wa kuuliza umri, haisubiri mtoto aseme. Cheti cha kuzaliwa ndicho kinatangulia. Kikikosekana, hati nyingine kama kadi ya kliniki, ubatizo na rekodi za shule zinaangaliwa, na daktari anaweza kuombwa apime akadirie. Makadirio ya daktari yana pengo la kwenda na kurudi, na kijana wa miaka 17 na nusu anaweza kuangukia upande wowote. Mama, nenda RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, ukanyooshe kumbukumbu sasa hivi wakati hakuna kesi.

#18 Lumbesa

Naomba kuuliza bila kutukanwa. Zamani viboko vilikuwepo na watoto walinyooka. Nani alivifuta?

#19 Mzee wa Ipogolo

Kijana Lumbesa, hiyo zamani uliisikia kwa nani? Mimi nimeiishi. Sheria ya watoto ya mkoloni ilikuwa ya mwaka 1937, na imetumika mpaka hii ya 2009 ilipokuja. Ile iliruhusu hakimu kuamuru mtoto achapwe. Na walioiba kuku waliendelea kuiba kuku. Tuliyekuwa tunamwogopa hasa ni mjomba, maana yeye ndiye aliyelipa fidia, na ukoo mzima ulijua nani amelipa kwa ajili ya nani. Ukipita na viatu vipya watu wanasema angalia viatu, mbuzi wa mjomba wake bado analia.

#20 Kiazi Mviringo

Hahaha mbuzi wa mjomba! Mzee shikamoo.

#21 Mzee wa Ipogolo

Marahaba.

#22 Lumbesa

Mzee shikamoo na mimi. Lakini shuleni viboko bado vipo, au navyo vya mkoloni?

#23 Mwalimu wa Zamu

Vipo, ila vina kanuni. Kanuni za mwaka 2002: visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na iandikwe kwenye kitabu. Hebu kila mmoja akumbuke shule aliyosoma, kitabu kilikuwa wapi.

#24 Hass wa Rungwe

Kitabu kilikuwa mgongoni kwangu.

#25 dada_wa_Mafiati

Tumeishia kwenye wizi na bangi, na wanaume mnapenda hayo. Mimi ni nesi, yanayopita mbele yangu ni mengine. Mvulana wa kidato cha nne miaka 17, binti wa kidato cha tatu miaka 16, wanapendana, mimba ikaingia. Baba wa binti anaenda polisi. Mvulana anashangaa: "Lakini alikubali!" Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba chini ya 18 kukubali kwa binti hakuhesabiki. Mwalimu, kama una kipindi kimoja tu, kitumie hapo. Simu ya Mwanjelwa itarudishwa. Mtoto aliyezaliwa harudishwi.

#26 Kiazi Mviringo

Si ni miaka 30 hapo? Kwa mwanafunzi hata ukimpa mimba tu ni 30.

#27 Wakili wa Kijiweni

Kwa mtu mzima ndiyo. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari kifungo ni miaka 30. Ubakaji nao kwa mtu mzima unaanzia 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni maisha.

Kwa mvulana aliye na 18 au chini yake, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 131 ina utaratibu wake, ulioletwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998: kosa la kwanza ni viboko tu, la pili miezi 12 jela pamoja na viboko, la tatu kwa aliyekubuhu, maisha. Sasa soma hapo halafu rudi kifungu cha 119 kinachosema mtoto hafungwi licha ya sheria nyingine yoyote. Mimi naona ya 2009 ndiyo inatamba, imekuja baadaye na imesema wazi. Ila mtakutana na mwanasheria mwingine atawaambia kosa la kujamiiana lina sheria yake mahsusi.

#28 Mama Watatu

Kwa hiyo wanasheria wenyewe hamjamaliza, na mnataka Mwalimu amalize kwa dakika 40.

#29 Mnyalu wa Kihesa

Mama Watatu umemaliza kazi.

Ila nimpinge dada kidogo. Mvulana huyo hata akijua kifungu hawezi kukikumbuka saa ile. Nimekuwa mvulana. Kinachozuia ni nyumba, mama anayeuliza ulikuwa wapi, hosteli yenye mlinzi. Wasichana wetu wanapanga vyumba mitaani karibu na shule za kata kwa sababu kwao ni kilomita nyingi. Hilo halimo kwenye Kanuni ya Adhabu.

#30 dada_wa_Mafiati

Na hao waliopanga wanafuatwa na bodaboda wa miaka 25, si wanafunzi wenzao. Hapo tuko pamoja. Lakini huwezi kuniambia elimu haina kazi, kaka. Binti akijua kwamba yule bodaboda ndiye mkosaji, si yeye, anaongea mapema. Nimeona tofauti.

#31 Fundi Simu Kabwe

Nawasalimu. Mmesahau simu. Kwangu kijiweni wanakuja madogo wa sekondari niwatolee picha kwenye simu iliyokufa, nikifungua nakuta picha za utupu za wanafunzi wenzao zimezungushwa makundi matatu ya WhatsApp. Wao wanaita utani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haijui utani, kusambaza ni kosa hata kama hukupiga wewe. Nimebandika karatasi ukutani: SIFANYI KAZI YA PICHA HIZO. Wanasoma, wanacheka, wanaenda kwa jirani yangu.

#32 Lumbesa

Fundi, jirani yako yupo upande gani wa Kabwe, nina simu inagoma kuchaji.

#33 Fundi Simu Kabwe

Lete kwangu, acha hizo.

#34 Mwalimu wa Zamu

Asanteni wakuu, nimechukua mengi. Nimepata wazo: wanafunzi waigize mahakama. Mmoja hakimu, mmoja mshtakiwa wa miaka 16, mmoja mama yake, mmoja afisa ustawi, na mmoja mwenye mali aliyeibiwa. Mwisho wa muhula niwapeleke Mbeya mjini Mahakama ya Watoto wakasikilize kesi halisi. Mnaonaje?

#35 Wakili wa Kijiweni

Igizo zuri. Safari hapana. Kesi ya mtoto ni faragha, darasa zima haliwezi kuingia kumtazama mwenzao, na hairuhusiwi kuanika jina wala picha yake. Omba hakimu au mwendesha mashtaka aje shuleni, au waende siku ambayo hakuna kesi, waonyeshwe chumba. Watashangaa, hakuna kizimba cha kutisha.

#36 Ustawi Mstaafu

Na kwenye igizo usimpe mtu mtukutu wa darasa nafasi ya mshtakiwa. Watamwita mwizi mpaka anamaliza shule. Mpe kiranja.

#37 Hass wa Rungwe

Na mwenye Noah awepo kwenye igizo. Msipomweka mtakuwa mmefundisha nusu.

#38 Lumbesa

Mwenye Noah nicheze mimi, gari ninalo.

#39 Mnyalu wa Kihesa

Tulihisi tangu post namba 2.

#40 Mwalimu wa Zamu

Hahaha. Lumbesa karibu shuleni, ila utasaini kitabu cha wageni kwanza. Kuna jambo bado linanisumbua lakini. Mzazi aliyelalamika nimekutana naye kanisani. Hakuwa na hasira na sheria. Ameniambia mwanawe sasa akigombezwa nyumbani anajibu, "utanifanya nini, hata serikali hainifungi." Hapo nimjibu nini?

#41 Mzee wa Ipogolo

Amwambie alipe ada yake mwenyewe.

#42 Mama Watatu

Mzee, siku hizi elimu bila ada mpaka kidato cha nne, na cha tano na sita wameongeza 2022. Hilo halitishi tena.

#43 Ustawi Mstaafu

Mwalimu, huyo kijana hajaibuliwa na somo lako. Alikuwa anatafuta jibu la kumkatisha baba yake, kifungu kikajitokeza. Kingekosekana kifungu angesema wewe si baba yangu. Nimewasikia wote.

#44 Lumbesa

Sikubali mzee wangu, kwa heshima. Maneno yana uzito. Mtoto ukimpa "hainifungi" mdomoni, ataitumia popote. Mwalimu angesema "utashtakiwa ukiwa na 12", hiyo hiyo ni sheria, na nyumbani ingesikika tofauti.

#45 Wakili wa Kijiweni

Leo Lumbesa kaongea sheria tupu. Nitampa ofisi.

#46 Mtoto wa Makambako

Na mimi sikubaliani na Wakili na Lumbesa wote. Mdogo wangu alijua kabisa anaweza kushtakiwa, ndiyo maana akadanganya umri. Hofu ilimfanya aongeze miaka. Mkisisitiza kushtakiwa tu, mtapata wengine kama yeye. Wajue na ya kuwalinda: kusema umri wa kweli, kutaka mzazi aitwe, kutosaini maelezo asiyoyaelewa.

#47 Kapokea Mizigo

Samahani wakuu kuingilia, naona humu kuna wataalamu na mimi nina jambo la sasa hivi. Mtoto wa jirani yangu, miaka 15, amekamatwa Tunduma mchana huu anavusha mafuta ya kula kwa njia za panya kutoka upande wa Nakonde, Zambia. Alibebeshwa kwenye baiskeli na mtu. Askari mmoja mwema kamwazima simu akanipigia, kasema yuko chumba kimoja na wakubwa. Mama yake yuko shambani hana simu. Niko Mbeya. Nianzie wapi?

#48 Ustawi Mstaafu

Tulia. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, waeleze alipo na umri wake. Kisha nenda kituoni mwenyewe, tena uende na ndugu wa damu wa mtoto. Ukifika uliza Dawati la Jinsia na Watoto, na omba afisa ustawi wa halmashauri aitwe. Ongea kwa adabu, usibishane kaunta.

#49 Wakili wa Kijiweni

Bebeni uthibitisho wa umri. Omba dhamana ya polisi, mlezi anaweza kumdhamini, na waambieni kwa upole kwamba sheria inakataza achanganywe na watu wazima. Mahojiano asiyafanye peke yake, awepo mzazi, ndugu au ustawi. Na aseme jina la aliyembebesha.

#50 Hass wa Rungwe

Hasa hilo la mwisho.

#51 Kapokea Mizigo

Asanteni. 116 wamepokea, wamechukua maelezo. Nimempata mjomba wake, tunapanda Coaster sasa. Kadi ya kliniki iko kwa bibi yake Vwawa, tutashuka tuichukue. Jina la mwenye mafuta mjomba analijua, ila anaogopa, ni mtu mkubwa hapo mpakani na ndiye anayempa kazi hata yeye.

#52 Mnyalu wa Kihesa

Mjomba asiseme kaunta. Amwambie ustawi, aandike kwenye taarifa yake.

#53 Lumbesa

Mimi niko Vwawa na gari, nimekuja kuchukua mahindi. Nipe jina la kijiji cha bibi kwa ujumbe wa faragha niifuate kadi, nyie msishuke. Nitawakuta Tunduma stendi.

#54 Kapokea Mizigo

Nimekutumia. Gari rangi gani?

#55 Lumbesa

Noah nyeusi. Hass usianze.